Kuuonea Kinyaa Uovu, Si Mtu





Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Warumi 12:9, Mtume Paulo anapowaagiza waamini wauchukie uovu, wafasiri walitumia kitenzi "abhor". Sisi husema "kuchukia". Hata hivyo, kitenzi hicho kina uzito zaidi ya chuki, na historia yake yatufaa sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria.

Asili yake ni Kilatini, "abhorrere". "Ab" maana yake ni mbali na. "Horrere" ni kusimama nywele, kusisimka mwili, kutetemeka kwa hofu. Warumi walikitumia hata kwa shamba la nafaka lililosimamisha masuke yake. Basi "abhorrere" ni kurudi nyuma huku mwili ukisisimka. Kitenzi hicho kiliingia katika Kiingereza karne ya 15. Kwetu neno la karibu ni kuona kinyaa, kwa maana aonaye kinyaa hageuzi moyo tu. Hugeuza na uso, akajitenga.

Kanisa linalo neno hilo katika sala yake. Utenzi wa kale wa Te Deum, unaosaliwa katika Kipindi cha Masomo siku za Dominika nje ya Kwaresima na katika sikukuu, hukiweka kitenzi "horrere" katika hali ya kukanusha: Mwana wa Mungu, alipokuja kutukomboa, hakulionea kinyaa tumbo la Bikira. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1549 kilitumia "abhor" mahali hapo. Mwaka 1841 Frederick Oakeley, mchungaji wa Kianglikana mjini London, alipoutafsiri wimbo wa Noeli wa Adeste Fideles, alikiingiza kitenzi hicho hicho, ingawa Kilatini cha wimbo huo hakinacho. Mwaka 1845 Oakeley alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Tuone basi maana yake. Mungu, ambaye ndiye mwenye haki ya kurudi nyuma mbele ya udhaifu wetu, hakurudi nyuma. Mkoma alipomjia Yesu (Marko 1:40-41), Bwana alinyosha mkono akamgusa.

Je, sisi huku Mwanza na Kanda ya Ziwa tumelitendaje neno hili? Bibi kizee aliyepikia kuni na samadi kavu miaka mingi, moshi ukamfanya macho kuwa mekundu, ameitwa mchawi, na wengi kama yeye wameuawa kwa mapanga. Mtu mwenye ualbino, ambaye amerithi tu kutoka kwa wazazi wake wote wawili upungufu wa rangi ya ngozi, amekimbiwa kama mkosi, kisha akawindwa kwa ajili ya viungo vyake. Mauaji hayo yalishamiri miaka ya 2007 na 2008. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Tangu 2015 dunia huadhimisha Juni 13 kuwa siku ya kukuza uelewa kuhusu ualbino.

Ndugu zangu, tazameni jinsi mambo yalivyopinduliwa. Mwili ulisisimka mbele ya ngozi nyeupe na macho mekundu, wala haukusisimka mbele ya panga. Tulimwonea kinyaa mtu, tukauzoea uovu. Tena mauaji hayakuanza na panga: yalianza na jina la dhihaka, na mtoto aliyekatazwa kucheza na mwenzake, na kiti kilichoachwa wazi kando ya mtu kwenye benchi la kanisa.

Paulo hakutukataza kuona kinyaa. Alituonyesha mahali pake: tuurudie nyuma uovu, tuambatane na wema. Dominika hii, kabla ya kuketi, tuangalie ni nani anayeketi peke yake.

Mungu awabariki.