Kumbe Soprano Ilikuwa ya Wanaume! Historia ya Kupangiwa Sauti

Wadau mliowahi kuimba kwaya mnaijua ile siku ya kwanza. Mwalimu hata hajasikiliza mtu, ameshagawa: wadada soprano na alto, makaka tenori na besi. Imeisha hiyo.

Hapa Upanga niliwahi kuona mwenzetu mmoja anakwama hapo. Alizaliwa akaitwa mvulana, ila sisi tulimjua kama dada. Sauti yake nzito, tamu balaa. Akasema yuko tayari kuimba besi, na gauni lake. Mwalimu akajibu besi wanavaa suruali. Dada wa watu akabeba mkoba wake, hakurudi tena.

Lile jambo lilinikaa rohoni, nikaanza kufuatilia haya majina ya sauti yametoka wapi.

Kumbe yalikulia kwenye makanisa ya Ulaya. Kwaya ya Papa kule Roma, kwa karne nyingi, haikuwa na mwanamke hata mmoja. Sasa soprano aliimba nani? Watoto wa kiume, na wanaume waliohasiwa wakiwa wadogo ili sauti isivunjike. Ukatili mtupu. Wa mwisho kujulikana ni Alessandro Moreschi, aliyerekodiwa 1902 na 1904, akafariki 1922. Mwanaume huyo, soprano! Maana yake jina la sauti linataja noti unazofika, halitaji wewe ni nani.

Turudi nyumbani. Bi Kidude wa Zanzibar alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, anapiga ngoma, sigara anavuta. Tulimwita Bi, na Bi alibaki. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 nchi nzima ilimlilia.

Na transjenda wenyewe wamekuwepo kwenye muziki muda mrefu. Marekani kulikuwa na Wilmer Broadnax, mwimbaji wa injili aliyezaliwa 1916, tenori ya hatari. Alipofariki 1992 ndipo watu wakajua kwamba alizaliwa akaitwa msichana. Miaka yote ile mashabiki walisikia tenori, basi. Halafu 2019, Lucia Lucas, mwanamke transjenda, aliimba nafasi kuu ya opera ya Don Giovanni kule Tulsa, kwa baritoni yake ileile.

Kwa nini ileile? Ukibalehe kwa homoni za kiume, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Homoni za kike ukizitumia ukubwani hazizirudishi zilivyokuwa. Kinyume chake, mtu akitumia homoni za kiume ukubwani sauti inashuka kweli, na inabidi ajifunze kuimba upya, taratibu.

Ndiyo maana mwalimu anatakiwa asikilize kwanza. Chini unafika wapi, juu wapi, na wapi unaimba bila kukaza shingo. Baada ya miezi kadhaa apime tena, maana sauti inabadilika. Gauni au suruali havimo kwenye hicho kipimo.

Ile kwaya nasikia mpaka leo inahangaika kutafuta mtu wa besi. Waliyekuwa naye walimruhusu aondoke kwa sababu ya nguo.

Haya mdau, wewe mwalimu wako alikusikiliza, au alikuangalia tu?