Kabla ya mikopo ya simu kulikuwa na Jamii Bora

Wasomaji wangu, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Jumamosi nilipanda matatu Kitengela kwenda Kajiado, na njiani nikakumbuka habari ambayo wengi wetu tunaoandika programu za mikopo hatuijui.

Mwaka 1999 Ingrid Munro, mama wa Kiswidi aliyewahi kuongoza African Housing Fund, alianzisha Jamii Bora jijini Nairobi pamoja na wanawake 50 waliokuwa ombaomba. Kanuni yao ingetosha kwenye mstari mmoja wa programu: weka akiba kwanza, kisha kopa hadi mara mbili ya akiba yako. Hakuna kuweka shamba rehani.

Halafu wengine wakashindwa kulipa. Hapa ndipo ninapoipenda hadithi hii. Wenyewe waliuliza sababu, wakakuta mara nyingi kuna mgonjwa hospitalini: kibanda kimefungwa, mtaji umelipa bili. Basi wakaanzisha bima yao ya afya. (Sisi hitilafu ikijirudia huwa tunasoma logi, hatumtukani mtumiaji. Angalau ndivyo tulivyofundishwa!)

Baada ya bima ikaja nyumba. Walinunua ardhi Kaputiei, kusini ya Kitengela, wakapanga kujenga nyumba 2,000 kwa ajili ya wanachama wa mitaa ya mabanda. Wakapingwa, kwa hoja kwamba nyanda hizo ni njia ya wanyamapori, na kesi ikala miaka. Mimi sioni kama hoja hiyo ilikuwa ya bure. Tazama nyua zilizojaa Kitengela sasa, nyumbu atapita wapi? Lakini mwishowe familia zilihamia, kwa malipo ya mwezi yaliyopangwa yasipite sana kodi ya chumba cha mabati.

Mwaka 2010 ikazaliwa Jamii Bora Bank. Mwaka 2020 ikanunuliwa na Co-operative Bank, ikaitwa Kingdom Bank.

Katikati hapo, Novemba 2012, M-Shwari ilifika, na mkopo ukawa jambo la kubonyeza simu. Haraka, kweli. Ila ukichelewa, unapata ujumbe tu. Programu ninayoitunza kazini hufanya vivyo hivyo: inahesabu siku za kuchelewa, haina mahali pa kuandika kwamba mtoto amelazwa. Jumatatu nitamwomba bosi tuongeze sehemu hiyo moja. Nikifaulu nitawaambia.