Tauni ya Farasi na Makabila Yake Tisa

Mwishoni mwa mwaka 1571 Francisco Barreto, amiri wa jeshi la Wareno aliyetumwa kutafuta dhahabu ya ufalme wa Monomotapa, alifika Sena kando ya mto Zambezi, na haukupita muda mrefu farasi wake wakaanza kufa na askari wake kuugua. Wareno wakawatuhumu wafanyabiashara Waislamu wa mji ule kuwa wamewatilia sumu, na kwa tuhuma hiyo wakawaua. Padre Monclaro, aliyekuwamo katika msafara, aliiandika habari hiyo. Na wanazuoni wa zama zetu, ambao wengine huwalaumu mbung'o na wengine huitaja tauni ya farasi, hawaihesabu sumu kuwa kitu.

Tauni hii ilikwisha tajwa huko Yemen mwaka 1327, nayo makao yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Punda milia huibeba damuni pasi na kuonyesha dalili, na punda wetu wa mizigo aghalabu husalimika. Bali farasi, ambaye katika nchi hizi ni mgeni aliyeletwa kwa biashara na vita, hana kinga nayo. Mnyama aliyekula vizuri asubuhi hupandwa na homa, akanyoosha shingo na kupanua pua akitafuta pumzi, kisha povu jingi likamtoka puani, na baada ya saa chache akawa maiti. Yuko naye ambaye moyo ndio huathirika, akavimba juu ya macho, na huyo huchelewa kufa, au hupona.

Rasi ya Tumaini Jema iliyaona hayo mwaka 1719, walipokufa wanyama wapatao 1,700, na ikayaona kwa kipimo kingine mwaka 1854 na 1855, zilipoteketea roho karibu 70,000, yaani zaidi ya farasi wanne katika kila kumi waliokuwako. Wafugaji wa kule waliwaingiza farasi zizini kabla ya magharibi, nao walikuwa na haki, ijapokuwa wakati ule sababu yenyewe ilikuwa haijabainika: maradhi huenezwa na visubi, vidudu vidogo mno viumavyo jioni na usiku.

Mwaka 1900 John M'Fadyean wa London alithibitisha kuwa kiini cha maradhi hupenya chujio lizuialo bakteria, ndiyo kusema ni kirusi. Arnold Theiler naye, huko Afrika Kusini, aligundua lililo zito zaidi, kwamba farasi aliyepona shambulio moja huweza kuangushwa na jingine, kwa kuwa kirusi hiki si kabila moja. Makabila yake yamehesabiwa kuwa tisa. Urithi wake umegawanyika vipande 10. Kile kitengenezacho ganda la nje ndicho hasa kiamuacho kabila, na makabila mawili yakikutana ndani ya mwili mmoja huweza kubadilishana vipande, kikazaliwa kirusi ambacho nasaba yake ni mchanganyiko.

Mashariki na kusini mwa Afrika makabila mengi huishi pamoja, ilhali ng'ambo hufika moja moja. La tisa ndilo lililotapakaa kati ya mwaka 1959 na 1961 kuanzia Iran hadi India na Uturuki, likaua farasi, punda na baghala zaidi ya 300,000. La nne liliingia Hispania mwaka 1987 pamoja na punda milia walionunuliwa Namibia ili watazamwe na wageni karibu na Madrid. Visubi vya huko vikalipokea, likadumu hadi mwaka 1990 na kufika Ureno na Morocco. La kwanza lilizuka Thailand mwaka 2020, wakafa farasi zaidi ya 500.

Chanjo iliyo maarufu ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kazi iliyoanzishwa katika kituo cha utafiti cha Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930 na R. A. Alexander, aliyevipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya. Imeokoa farasi wasiohesabika. Lakini wataalamu walipozichunguza nasaba za virusi vilivyoleta maradhi katika Rasi ya Magharibi mwaka 2004, 2011 na 2014, walikuta vimetokana na chanjo yenyewe, vingine vikiwa vimerudiwa na ukali wake wa asili, vingine vimechanganya vipande vya makabila mbalimbali. Kwa rai yangu, nchi isiyo na tauni hii isikubali chanjo hai ila kwa dharura, wala isipokee punda milia kabla damu yake haijapimwa.