Kamina: reli, makaratasi na muuzaji mwenye haraka

Anayeanza udalali wa mikataba ya nyumba (wholesaling) nchini Marekani siku hizi hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: mtafute muuzaji mwenye haraka. Awe na deni, awe na msiba, awe anahama mji. Dalali hufunga naye mkataba kwa bei ya chini, kisha humuuzia mtu wa tatu mkataba huohuo. Nyumba haimiliki hata siku moja, na tofauti ya bei inabaki mfukoni mwake. Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kumpata muuzaji wa aina hiyo. Historia ndiyo iliyomleta, mara nyingine kwa maelfu, na mara nyingi alifika akiwa na mzigo begani.

Mji wenyewe umetokana na reli. Njia ya kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Kati ya 1923 na 1928 kampuni ya reli ya BCK iliendeleza reli hiyo hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kupitia nchi ya Waluba na Kasai yote, na Kamina ikawa moja ya vituo vyake vikubwa. Mwaka 1956 tawi la mashariki lilikamilika hadi Kabalo, likaiunganisha Kamina na reli za Maziwa Makuu. Miaka hiyohiyo Wabelgiji walijenga karibu na mji kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege. Makarani, mafundi wa mitambo na madereva wa garimoshi wengi walitoka Kasai. Vibarua walitoka vijiji vya jirani, vikiwemo vya himaya ya Kasongo Nyembo, mfalme wa Waluba ambaye mmoja wa watangulizi wake alipambana na wakoloni hadi alipokamatwa mwaka 1917.

Kampuni iliwapa wafanyakazi wake nyumba katika makambi yake. Lakini nyumba ya kambi ilikwenda na kazi: aliyestaafu alitoka, na mjane wa mfanyakazi alitoka. Ndiyo maana kila aliyeweza alijitafutia parsele yake, yaani kiwanja, nje ya kambi, akajenga kidogokidogo kwa matofali ya kuchoma. Soko la nyumba la Kamina lilizaliwa hapo, kati ya nyumba usiyoweza kuiuza na ile uliyojijengea mwenyewe.

Aliyejenga alishika karatasi gani? Wakati wa ukoloni, Mwafrika wa mjini alikaa kwenye kiwanja kwa ruhusa. Kithibitisho chake kilikuwa kijitabu kilichoitwa livret de logeur, kilichoonyesha kuwa anakaa hapo lakini hakikumfanya mwenye ardhi. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua mlango wa Waafrika kumiliki ardhi iliyosajiliwa, lakini ni wachache waliopita. Uhuru ulipofika, watu wengi wa miji ya Kongo walikuwa na kuta zao na kijitabu chao, basi.

Kisha sheria ikabadilika chini ya miguu yao. Tarehe 7 Juni 1966 sheria iliyopewa jina la mbunge Bakajika ilirudisha ardhi na madini mikononi mwa dola. Sheria ya 20 Julai 1973 ikamaliza jambo: ibara yake ya 53 inasema ardhi ni mali ya Dola peke yake, haiuziki wala haipotei kwa kupita kwa muda. Raia hupewa haki ya kuitumia, na kinachouzwa ni haki hiyo pamoja na jengo lililo juu yake. Haki yenyewe huthibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Kijitabu cha zamani kilipoteza nguvu yake kisheria, ila mitaani kiliendelea kupita mkono kwa mkono, kikiambatana na karatasi ya mauziano na saini ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Pengo hilo kati ya sheria na mtaa ndilo linalomlisha dalali, ambaye Wakongo humwita komisionere. Anajua nani ana hati, nani ana kijitabu tu, na nani hana kitu ila majirani wanaomfahamu.

Kuhusu miaka ya 1960 na 1970 yatosha kusema kwamba mali nyingi ilibadili mikono pasipo bei. Wabelgiji waliondoka kwa kishindo Julai 1960, Katanga, jimbo ambamo Kamina ilikuwamo, ikajitenga, Waluba wa kaskazini wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe wakakataa kujitenga huko, na askari wa Umoja wa Mataifa wakashika kambi ya Kamina. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Waliopokea walikuwa wenye jina au mlango serikalini, na dalali wa mtaani hakuwa na nafasi katika ugawaji ule.

Nafasi hiyo aliipata mwaka 1992, na ni sura ambayo anayetaka kuielewa kazi hii hana budi kuisoma polepole.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, akichukua nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga. Katanga ikawaka. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI wakaanza kuwafukuza Wakasai kutoka majumbani mwao, Likasi mwaka 1992 na Kolwezi mwaka 1993. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga, na wazazi wao pia. Mamia ya maelfu waling'olewa. Walilala vituoni wiki na miezi wakisubiri garimoshi, na watoto wengi walifia hapohapo. Reli ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga ni moja tu, na inapita Kamina. Mji huu wa wafanyakazi wa reli uliwaona wakipita, behewa baada ya behewa.

Nyuma yao nyumba nyingi zilivamiwa tu. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi aliyejua kabisa kwamba muuzaji hana siku ya pili. Haraka ya namna hiyo si fursa ya biashara. Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo Kongo imeendelea kuitumia, inasema ridhaa iliyotolewa kwa nguvu au kwa hila si ridhaa halali. Wakasai walipoanza kurudi katika miaka iliyofuata, wapo waliogonga mlango wa nyumba yao wenyewe na kufunguliwa na mgeni mwenye karatasi.

Haraka nyingine ilikuja kimyakimya. Shirika la reli la taifa, lililoundwa mwaka 1974 na kujulikana leo kama SNCC, lilidhoofika pamoja na migodi ya Katanga. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Katika mji uliokula kwa mshahara wa reli, parsele ikawa akiba pekee iliyobaki. Iliuzwa ili mtoto apasuliwe hospitalini, ili mwingine amalize chuo, ili mzee azikwe kwa heshima. Katika vita vya 1998 hadi 2003 Kamina ilipokea pia wakimbizi wa ndani, waliotafuta chumba cha kupanga kabla ya kitu kingine chochote.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka. Katanga iligawanywa majimbo manne, Kamina ikawa makao makuu ya mojawapo, na safari hii mwenye haraka alikuwa mnunuzi. Ofisi za jimbo zilihitaji majengo, na maofisa walihitaji nyumba. Dalali aliyejua mlango wa kila mzee mwenye parsele tupu alikuwa na mali kichwani.

Malipo yake ya wazi ni asilimia ya bei kwa nyumba inayouzwa, na kodi ya mwezi mmoja kwa nyumba inayopangishwa. Malipo ya gizani ni kile ambacho Waswahili wa Nairobi na Dar es Salaam hukiita cha juu: mwenye nyumba anatajiwa bei moja, mnunuzi nyingine, na wawili hao hawakutanishwi hadi siku ya kusaini. Huo ndio ufundi uleule wa Marekani. Tofauti ni kwamba kule aghalabu kuna mkataba unaosema wazi kuwa unaweza kuhamishiwa mtu mwingine. Huku Kamina, karatasi ya mauziano iliyoachwa bila jina la mnunuzi haina kinga hiyo.

Kwa hiyo anayeanza kazi hii Kamina hana haja ya kujifunza namna ya kunusa shida za watu. Ajifunze kwanza kuuliza nyumba ni ya nani. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na inamwachia mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Bado ni kawaida baba mdogo kutoka kijijini akafika baada ya matanga, akaita komisionere na kutaja bei. Yeye ndiye muuzaji mwenye haraka kuliko wote, na nyumba si yake. Dalali anayefuata njia aende kwa shefu wa kartie kuuliza nani aliishi hapo, aende ofisi ya kadastri, yaani ya upimaji wa viwanja, kuona mipaka, kisha arudi kukaa na mjane na watoto, awatajie bei ambayo mnunuzi ameitoa na ada yake mwenyewe, na yote mawili yaandikwe kwenye karatasi moja mbele ya mashahidi.