Katunkuma: mmea mchungu wa porini unaouzwa Owino

Katunkuma ni jina la Kiganda la mmea unaozaa matunda madogo ya mviringo yenye uchungu mkali. Katika soko la Owino mjini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, matunda hayo huuzwa mabichi kwa mafungu, na pia yakiwa yamekaushwa au kusagwa. Wengi huyanunua wakiamini yanashusha presha. Makala hii inaeleza mmea huu ni upi, unatambulikaje, na ni wapi pa kuwa mwangalifu.

Jamaa zake

Jina la kisayansi ni Solanum anguivi. Mmea huu ni wa familia moja na nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili na tumbaku. Wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa mzazi wa porini wa Solanum aethiopicum, zao ambalo Waganda hulila kwa namna mbili: majani yake ni nakati, na matunda yake ni ntula. Wanyarwanda huyaita matunda hayo intoryi, na Watanzania wengi huyaita ngogwe au nyanya chungu. Kwa hiyo anayekula ntula anakula mjukuu wa katunkuma, ambaye wakulima wa Afrika walimpunguzia uchungu na miiba kwa kuchagua mbegu vizazi kwa vizazi.

Jinsi ya kuutambua

Katunkuma ni kichaka kinachoishi miaka kadhaa. Hufikia urefu wa mtu au kuzidi, na kikikatwa huchipua tena. Huota kando ya njia, pembezoni mwa misitu, kwenye mashamba yaliyoachwa na karibu na nyumba, katika sehemu nyingi za Afrika zisizo kame.

Majani yana kingo zenye mawimbi na vinyweleo vidogo. Shina na majani mara nyingi huwa na miiba, ingawa mimea mingine haina. Maua ni madogo, meupe au ya zambarau hafifu, yenye umbo la nyota ya ncha tano. Katikati kuna vifuko vya njano vyenye chavua, ambavyo hufunguka kwa tundu dogo kwenye ncha. Nyuki hushika ua na kulitetemesha ili chavua itoke.

Matunda hukaa kwa vichala. Kila tunda lina upana wa takriban sentimita 1, kubwa kidogo kuliko njegere. Huwa ya kijani yakiwa machanga, na mekundu au ya rangi ya chungwa yakiiva. Ndege hula yaliyoiva na kusambaza mbegu. Watu hupika machanga: huchemshwa, au hupikwa kwa mvuke pamoja na matooke, kisha huliwa kama kitoweo.

Usiuchanganye na huu

Katika maeneo hayo hayo huota jamaa yake mwenye sumu, ambaye Waganda humwita entengotengo na Waswahili mtunguja au ndulele. Tunda lake ni kubwa zaidi, sentimita 2 hadi 3 au zaidi, la kijani lenye mabaka meupe, na huwa la njano likiiva. Kwa kawaida huning'inia moja moja au machache, si kwa kichala kilichojaa. Majani yake ni ya kijivu na laini kama kitambaa kwa kuguswa.

Tunda changa la entengotengo linaweza kufanana na katunkuma, na majina ya kienyeji hubadilika kutoka kabila hadi kabila. Usitegemee jina pekee. Tazama kichala, ukubwa na rangi ya tunda lililoiva kwenye mti ule ule. Ukiwa na shaka, usichume. Waonye watoto wanaochunga mifugo au kuokota kuni wasionje matunda ya porini wasiyoyajua.

Dalili za sumu ya mimea hii ni kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, na beba tunda au tawi alilokula ili mhudumu alione.

Je, katunkuma inatibu presha?

Uchungu wa katunkuma unatokana na kemikali za asili, zikiwemo saponini na alkaloidi. Watafiti nchini Nigeria waliwapa panya wenye kisukari saponini kutoka kwenye tunda hili, na sukari na mafuta katika damu yao vikapungua. Lakini panya si binadamu, na matokeo hayo hayaonyeshi kwamba tunda linaweza kuchukua nafasi ya dawa.

Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kujisikia mzima baada ya kuacha vidonge, huku presha ikipanda na kumletea kiharusi. Ukipenda katunkuma, ile kama mboga, kwa kiasi. Endelea na dawa zako, pima presha mara kwa mara, na mweleze mhudumu wa afya ni mitishamba gani unatumia. Vituo vya afya katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda huwahudumia wakimbizi na wenyeji pia.

Kuupanda nyumbani

Toa mbegu kwenye matunda mekundu yaliyoiva, zioshe, zikaushe kivulini na uzioteshe kitaluni. Vichaka viwili au vitatu pembeni ya nyumba vinaweza kuilisha familia. Zaidi ya hapo, utakuwa na uhakika wa unachochuma.