Kurudisha tela uani

Kurudisha tela uani ni uendeshaji wa kinyumenyume wa kuingiza tela lililofungwa nyuma ya trekta au gari katika eneo la nyumba. Katika maeneo ya kilimo kama Nakwa, mjini Babati, mkoani Manyara, tela la trekta hutumika kubeba mazao kama mahindi na mbaazi.

Kanuni
Tela la ekseli moja huenda kinyume cha usukani: usukani ukikatwa kulia wakati wa kurudi nyuma, mkia wa tela huelekea kushoto. Tela likishaanza kugeuka, dereva hurudisha usukani ili trekta lilifuate. Akichelewa, tela hujikunja na mkono wake wa kuunganishia unaweza kugonga tairi la nyuma la trekta. Tela fupi hugeuka upesi kuliko refu. Lile la ekseli mbili lenye mkono unaozunguka ni gumu zaidi, kwa kuwa lina maungio mawili.

Mbinu
Trekta na tela hunyooshwa kwanza, kisha hurudishwa polepole kwa gia ndogo. Penye lango jembamba, trekta lenye ndoano ya mbele huweza kulisukuma tela likiwa mbele ya macho ya dereva. Tela tupu na jepesi hufunguliwa na kusukumwa kwa mikono.

Usalama
Utingo husimama anapoonekana na dereva, kamwe si kati ya tela na ukuta. Magurudumu huwekewa kabari kabla ya kuchomoa pini inayofunga tela, hasa penye mteremko. Mzigo ukielemea nyuma, pini inapochomolewa mkono wa tela la ekseli moja unaweza kuruka juu ghafla.