Batman Walimkataa, Joker Walimkataa, Lakini Kelele za Storm Ni Kesi Nyingine

Wadau, kila Hollywood ikitangaza nani kapewa uhusika wa shujaa fulani, mitandao inawaka moto. Huyu mfupi, yule hana sura ya kazi, huyu mwingine kapendelewa. Trela yenyewe haijatoka, hukumu imeshatoka. Ukisikiliza juu juu utadhani kelele zote ni zile zile. Sio kweli. Ukirudi nyuma kwenye historia utaona ziko za aina mbili, na tukizichanganya tunaonea watu.

Tuanze na aina ya kwanza. Mwaka 1988 Warner Bros. walimchukua Michael Keaton awe Batman. Keaton watu walimjua kwa vichekesho, kwa hiyo mashabiki wakaona wamedharauliwa. Batman ni mtu wa giza na hasira, unampaje mchekeshaji? Enzi hizo hakuna mitandao ya kijamii, basi watu wakashika kalamu, barua za malalamiko zikamiminika studio kwa maelfu. Muvi ikatoka 1989, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Kelele kwisha. Mwaka 2023 walipomrudisha Keaton kwenye The Flash, watu wakashangilia kama vile hakuna aliyewahi kumkataa.

Mwaka 2006 ikawa zamu ya Heath Ledger. Alipotajwa kuwa Joker, watu wakacheka: huyu si handsome wa muvi za mapenzi? Ledger alifariki Januari 2008, miezi michache kabla The Dark Knight haijatoka. Februari 2009 akapewa Oscar akiwa kaburini. Mpaka leo kila anayecheza Joker analinganishwa na yeye.

Halafu kuna Hugh Jackman. Kwenye vitabu vya katuni Wolverine ni kijeba, kama sentimita 160 hivi. Jackman anakaribia sentimita 190! Na hata hakuwa chaguo la kwanza. Dougray Scott ndiye aliyekuwa na kazi hiyo, ila akabanwa na Mission: Impossible 2. Jackman akaingia dakika za mwisho na kuuvaa uhusika huo kwa zaidi ya miaka 20.

Angalieni kitu kimoja. Hawa wote walilalamikiwa sura, umbo au muvi zao za zamani. Ila nafasi walipewa, muda wa kujithibitisha walipewa, na kazi ikajibu. Hiyo ndiyo kelele ya aina ya kwanza. Dawa yake ni muvi kutoka.

Sasa njoo kwa Storm.

Storm alianza kuonekana kwenye katuni za X-Men mwaka 1975. Jina lake ni Ororo Munroe, baba Mmarekani mweusi, mama binti wa kifalme kutoka Kenya. Ndiyo, Kenya hii hii yetu. Na hadithi inasema kabla ya kujiunga na X-Men alikuwa Kenya, watu wakimwabudu kama mungu wa mvua. Wakamchora mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe na nguvu za kuamrisha radi.

Mwaka 2000 uhusika ukaenda kwa Halle Berry. Kwenye muvi ya kwanza alijaribu lafudhi ya Kiafrika, muvi ya pili mwaka 2003 lafudhi ikayeyuka bila maelezo. Mwaka 2016 akaja Alexandra Shipp. Mashabiki wengi weusi wakauliza: mbona Storm kila akiingia kwenye muvi anakuwa mweupe kuliko kwenye katuni? Hapa hakuna anayesema Berry hajui kuigiza, mtu ana Oscar. Swali ni nani hata hafikiriwi.

Najua kuna mtu atasema: "Kama Jackman mrefu alikubalika, kwa nini Storm mweupe kidogo asikubalike?" Swali zuri. Jibu lake ni hili. Mwanaume mfupi wa Kizungu akimkosa Wolverine, ana mashujaa wengine kibao wa kuomba. Binti mweusi tii aliyetaka kuwa shujaa kwenye muvi kubwa mwaka 2000, alikuwa na nani mwingine zaidi ya Storm?

Kipimo hicho hicho kitumie kwa Idris Elba. Alipokuwa Heimdall kwenye Thor mwaka 2011, wapo waliokasirika kwamba mungu wa Wazungu wa kaskazini kachezwa na mtu mweusi. Lakini muvi ile ile steringi ni Mzungu, baba yake Mzungu, adui Mzungu. Nani alifungiwa mlango? Hakuna.

Na ushahidi kwamba mlango ukifunguliwa watu wanaingia tunao. Black Panther alibuniwa 1966. Miaka ya 1990 Wesley Snipes alihangaika kuileta kwenye sinema, ikashindikana, akaishia kuwa Blade mwaka 1998. Muvi yenyewe ya Black Panther imekuja 2018. Miaka 52! Chadwick Boseman akakomaa T'Challa aongee kwa lafudhi ya Kiafrika, Kixhosa cha Afrika Kusini kikatumika kama lugha ya Wakanda. Lupita Nyong'o wa Kenya akawa Nakia, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala akawa Ayo. Muvi ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Waliosema muvi iliyojaa watu weusi haiuzi duniani wakakosa pa kuweka uso.

Kwa hiyo siku nyingine kelele zikianza, usikimbilie kusema "mashabiki hawaridhiki". Jiulize kwanza: wanalalamikia sura ya aliyepata, au mlango wa waliokosa? Ya kwanza subiri muvi, mara nyingi inajifia yenyewe. Ya pili imepita miaka zaidi ya 20 na muvi kibao, na bado ipo, kwa sababu uigizaji mzuri hauwezi kujibu swali la nani hakuitwa.

Marvel wanawarudisha X-Men, na Storm atatafutwa tena. Safari hii mtoto wa mama Mkenya apewe nani? Dondosha jina hapo chini, na sababu uiweke.